Tunda la Kumzika Owino

Nyinyi wa kibanda cha Mama Akinyi mmekuwa mkiniuliza kwa nini, tangu nirudi kutoka visiwani, nikiwekewa samaki nanyamaza mpaka nimalize. Wengine mmesema nimeokoka. Wengine mmesema nimerogwa. Fundi wa baiskeli amesema ni shauri ya meno. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na kila nikianza kusimulia kuna mtu anakatiza kuagiza chai, kwa hiyo nimeandika. Someni mpaka mwisho ndipo mnicheke.

SUNA

Waya Dorina ni shangazi yangu, dada ya marehemu baba; "waya" ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo. Aliolewa kisiwani Mfangano kabla mimi sijaota meno, na kila Krismasi alikuwa akituletea samaki wa kukausha waliofanya nyumba inuke mpaka Januari. Mwanawe wa mwisho ni Owino. Baadhi yenu mnamkumbuka, maana alikaa kwangu msimu mmoja nikimfundisha kazi ya kinu cha posho. Hakuiweza. Alisema mashine inapiga kelele mpaka mtu hasikii anachofikiri, akarudi kuvua.

Mwaka huu wa tisini na saba, kama mjuavyo, gugu maji limelifunga ziwa. Owino alitoka asubuhi kwenda kutazama nyavu zake, upepo ukaligeuza gugu likamzunguka. Mashua ilionekana baadaye imetulia katikati ya majani, nyavu zimekunjwa vizuri, ndala zake zimewekwa pamoja juu ya ubao wa kukalia. Mwenyewe hakuwamo. Walimtafuta kwa kuchomachoma miti chini ya majani, kisha wakaacha, kwa sababu huko chini hakuna aonaye kitu.

Kwetu sisi mtu hajafa sawasawa mpaka azikwe. Mwili ukikosekana tunazika yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti ambao watu wa pwani huuita mwegea. Linafunikwa shuka, linaliliwa, linalazwa kaburini kwa jina la mwenyewe. Huko alikoolewa waya nao hufanya hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba waya alipoonyeshwa yago la kisiwani, alilikataa.

Habari hizo aliniletea Oloo, mwenye mashua wa Mfangano, aliyekuja Suna kununua mahindi. Alikaa juu ya gunia nje ya kinu changu, akanisimulia akitazama chini.

"Mama amekataa kula samaki," alisema. "Anasema Owino iko kwa maji, na samaki inakula kwa maji."

Nikamwambia wafiwa wengi wa ziwani hufanya hivyo kwa muda.

"Ngoja basi. Akakataa mayai, juu kuku zinadonoa omena pale tunaanika. Akakataa maziwa, juu ng'ombe zinakunywa kwa ziwa. Sukuma wiki tunamwagilia na maji ya ziwa, akakataa. Tukamwonyesha yago moja karibu na ufuo, akauliza mizizi yake inakunywa wapi." Oloo alijikuna shingo. "Omera, ukifikiria sana, huyo mama hajakosea. Pale kwetu hakuna kitu haikuli kwa ziwa. Hata sisi siku hizi tunakula tukiangaliana."

"Sasa anaishi na nini?"

"Maji ya chemchemi, ile ya mlimani, na ndizi kidogo za nyuma ya nyumba. Anataka yago ya kwa baba yake, na unga ya kwa baba yake. Mkichelewa, kujeni na jeneza."

Hapo nikaacha kulichukulia kirahisi. Waya ndiye mtu wa mwisho aliyebaki duniani anayeniita kwa jina nililopewa siku ya kuzaliwa, na sikuwa tayari kumzika kwa sababu ya njaa katikati ya ziwa lenye chakula. Tulikubaliana Oloo atangulie na mahindi yake, kisha arudi kuningoja ufuoni Sindo, kwa kuwa Mbita, kwenye kivuko cha kawaida, gugu lilikuwa limeziba kabisa.

Mti wetu uko kwenye ukingo wa mto Kuja. Nilikwenda na mke wangu, mimi juu na panga, yeye chini na jirani wamekamata blanketi kwa pembe, maana jirani alisema tusiliache lianguke, mwili hautupwi. Tunda lilipotua blanketini wote wawili walipiga magoti kwa uzito. Popo waliokuwa wamelala kwenye matawi waliruka wote kwa pamoja bila kelele, wakazunguka, wakarudi kuning'inia. Mke wangu alilifunika akaniambia, "Usije ukamsahau mahali, kama unavyosahau mwavuli." Alisema "ukamsahau", si "ukalisahau", na mimi sikumsahihisha.

Nikasaga unga wa mahindi ya shamba letu. Mnajua kinu changu hichohicho ndicho kinachosaga omena, wale dagaa wa ziwani, kuwa chakula cha kuku. Nilikipangusa, nikasaga pumba za kukisafisha, nikakipangusa tena.

SUNA HADI RONGO

Nilipanda lori la samaki la Mwita, yule Mkuria anayetafuna miwa huku anaendesha. Anashuka na barafu Homa Bay, anarudi na mbuta, wale sangara wakubwa wa ziwani. Mwita alinikaribisha kabini bila kuuliza gunia lina nini, akanipa muwa, tukaondoka tukizungumza habari za bei ya ng'ombe. Gunia nililiweka kati yetu, limesimama, na kwenye kila kona lilikuwa likimwegemea Mwita.

Karibu na Rongo polisi walikuwa wameweka vizuizi vya misumari. Afande mmoja mwenye sura ya upole akaomba kuona mizigo. Alifungua gunia, akachungulia, uso ukamchanua.

"Mzee, hii ni muratina," alisema. "Kwetu Murang'a hii ndiyo inachachusha pombe ya asali. Sasa wewe unapikia wapi?"

"Afande, hii si ya pombe. Ni ndugu yangu."

"Ndugu yako ndiye anapika?"

"Hapana, afande. Hii yenyewe ndiyo ndugu yangu."

Mwita aliacha kutafuna. Ikabidi nieleze yote pale barabarani: ziwa, mashua tupu, ndala, na shangazi asiyekula kitu kinachotoka majini wala kilichokula kitu cha majini. Afande alisikiliza hadi mwisho. Alivua kofia, akafunga gunia mwenyewe, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee," alisema. Kisha akasogea karibu na dirisha akapunguza sauti. "Kwetu tunaiweka ndani ya pombe, tunamwagia waliokufa kidogo chini, halafu tunakunywa ile imebaki. Sikuwa nimewahi kufikiria ni nini tunakunywa."

Alituondolea misumari. Nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, kofia mkononi.

RONGO HADI HOMA BAY

Hatukuwa tumeenda mbali Mwita akaegesha.

"Mzee, mimi sibebangi maiti kwa kabini," alisema. "Hata kama ni ya matunda."

"Sasa nimwache hapa?"

"Hapana. Iko na mahali yake."

Akafungua mlango wa nyuma. Tulimlaza Owino juu ya barafu, Mwita akamfunika kwa magunia ya samaki, akampigapiga kidogo begani, au mahali ambapo bega lingekuwa. "Hapa atasafiri vizuri," alisema. Tangu hapo hakutafuna muwa tena. Mimi pia wangu niliuweka chini.

Barabara ikaendelea, na Mwita akaendelea kufikiri, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko uendeshaji wake. Alinikumbusha kwamba mbuta anaowabeba hukatwa nyama yote, ikasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiziwa mgongo.

"Ukifuata vile shangazi yako anasema," akaniambia polepole, "hiyo ndugu yako inaweza kuwa iko Ulaya saa hii. Imeliwa na mtu hata hajui Mfangano ni nini."

Nilicheka, kisha nikajisikia vibaya kwa kucheka.

Gurudumu la nyuma lilipasuka mahali pasipo na nyumba. Tulipokuwa tunaliinua lori, maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika kutoka nyuma, mekundu kidogo kwa damu ya samaki wa safari zilizopita, yakiingia mchangani. Inzi walifika kwanza. Halafu wakaja sisimizi, wakajipanga mstari kando ya kile kijito. Halafu mbwa. Sikuona walikotoka, maana hapakuwa na boma karibu. Walikaa chini kwa umbali, mkia hautikisiki, hawabweki, hawagombani, wanatazama mlango wa nyuma. Juu yetu mwewe walikuwa wanazunguka, na juu zaidi kulikuwa na ndege wengine wakubwa ambao sikuwatambua.

"Ni harufu ya samaki tu," Mwita alisema.

"Ndiyo, ni samaki," nikamjibu.

Tulifunga zile nati haraka kuliko nilivyowahi kuona watu wakifunga. Lori lilipoondoka, wale mbwa walisimama wakaenda kulamba mchanga.

HOMA BAY

Gati la Homa Bay halikuwa na maji. Pale ambapo meli ilikuwa ikifunga kamba palikuwa na konde la majani mapana yenye maua ya zambarau, kijani mpaka macho yanapochoka. Ni zuri kulitazama, na hilo ndilo lililoniudhi. Hakukuwa na sauti ya mawimbi. Nilisimama pale na gunia langu, nikagundua kwamba sauti ile ndiyo niliyokuwa nimeitegemea tangu utotoni kunijulisha kuwa nimefika.

Samaki walikuwa wanaletwa kwa barabara kutoka fuo zilizo wazi. Mama mmoja alikuwa akimpasua mbuta mkubwa juu ya ubao. Tumboni mwake akatoa mbuta mdogo mzima mzima. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, akampasua na yule mdogo, ndani mkatoka omena, bado wanang'aa. Akamshika omena mmoja kwa kucha, akamfinya tumbo, pakatoka kitu cheusi.

"Hiyo ni sam," aliniambia, akimaanisha wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. "Sam inakula matope ya chini. Omena inakula sam. Mbuta inakula omena, na inakula mtoto yake. Mimi nakula mbuta."

"Na wewe unaliwa na nani?" nikamtania.

Hakucheka. Alinyoosha kisu kuelekea nyuma yangu. Makorongo, wale wakubwa wenye vichwa vya upara, walikuwa wamesimama mduara. Siku zote husubiri matumbo ya samaki, hilo nalijua. Lakini matumbo yalikuwa mbele yao, na wao walikuwa wamegeukia gunia langu. Nilihama hatua chache. Wakahama nao, wakitembea taratibu kama wazee wanaosindikiza.

Niliingia hotelini nikaagiza ugali kwa mgongo wazi, ule mgongo wa mbuta uliobaki baada ya nyama kwenda Ulaya. Nawaambia ukweli, nilikula vizuri, nikanyonya kila mfupa. Nilikuwa na njaa, na wakati huo mambo ya waya yalikuwa bado ni ya waya. Korongo mmoja alisimama mlangoni muda wote wa mlo, mwenye hoteli akimfukuza kwa ufagio na yeye akirudi. Mchana huohuo nikapata gari la kwenda Sindo.

SINDO

Oloo hakuwepo. Gugu lilikuwa limesogea usiku uliotangulia, likaufunga ufuo wa Sindo pia, na yeye alikuwa upande wa pili akingoja upepo ugeuke. Basi nikakaa Sindo, siku zikapita, na kila siku nikimwona waya akipungua akilini mwangu.

Nilikaribishwa na Min Achieng, mjane anayepikia wavuvi. Ni mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na breki. Alikubali kunilaza mimi, lakini gunia alilizuia mlangoni.

"Maiti ya watu hailali kwa nyumba ya watu," alisema. "Wewe ingia. Yeye atalala nje."

Tukamtengenezea mahali nyuma ya jiko, chini, juu ya majani ya migomba, na kipande cha bati juu yake. Kila asubuhi Min Achieng alikuwa akimsalimu kabla ya kuwasha moto.

Mchana wa Sindo ulinitisha kuliko kitu kingine chochote katika safari hii. Wavuvi walikaa wametazama konde lililokuwa ziwa. Hakuna aliyekuwa na la kufanya. Ng'ombe mmoja aliingia kwenye majani akidhani ni malisho, akala, akasogea, akala, akasogea. Tulikuwa tunamwita. Majani yalifunguka, yakajifunga. Hakuna lililoonyesha kwamba hapo palikuwa na ng'ombe, isipokuwa ndege mmoja mweupe aliyekuwa mgongoni mwake, ambaye aliruka, akatua mahali palepale juu ya majani, akangoja.

"Mbuta zimehama," Min Achieng aliniambia alasiri hiyo, akichambua mboga. "Chini ya hii majani maji haina pumzi. Lakini kamongo iko, na mumi iko. Hizo zinaweza kukaa kwa matope. Na zimenona, mtoto wangu. Sijawahi kuona zimenona hivi."

"Zinakula nini?"

Aliniangalia, akaendelea kuchambua mboga.

Kisha akaomba kuuona unga niliomletea waya. Alitia kiganja, akanusa, akaufunga tena mfuko polepole.

"Hii imesagwa kwa mashine ya omena."

"Niliipangusa mama, mara mbili."

"Ulipangusa chuma. Harufu haiko kwa chuma peke yake. Mahindi yenyewe mliweka mbolea gani?"

Nilikumbuka: samadi ya kuku. Kuku wangu, wanaokula omena ninaowasagia. Nilikaa pale kwenye kigoda nikahisi ziwa limepanda lenyewe kutoka Sindo mpaka Suna, likaingia shambani kwangu, na mimi ndiye niliyelibeba kwa magunia. Nilitaka kuumwaga ule unga. Lakini nilikuwa sina kitu kingine cha kumpa waya, na Min Achieng alisema nisiwe mjinga, niupeleke na ninyamaze.

Asubuhi moja tuliamka tukasikia mawimbi. Gugu lilikuwa limeondoka lote, bila kuaga, na Oloo alikuwa akija.

JUU YA MAJI

Nilipoinua gunia niliona limepungua uzito. Nilidhani ni mkono wangu umezoea. Oloo alilipokea, akaliweka peke yake kwenye ubao wa mbele, akanawa mikono ziwani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Owino, hii ni mashua ya Oloo. Tunaenda nyumbani. Usishukie njiani." Alinieleza kwamba asipoambiwa, mtu wa majini hawezi kujua mashua ipi ni yake.

Tulikwenda vizuri mpaka Mfangano ikaonekana, mlima wake mweusi umesimama mbele yetu. Kati yetu na mlima kulikuwa na moshi. Ulikuwa umenyooka kutoka majini kwenda juu, mnene, na kilele chake kilikuwa kikijipinda.

"Kuna mashua inaungua," nikasema.

"Ni sam," Oloo alisema, akazima injini. "Funga mdomo."

Nilikuwa nimewaona sam kwa mbali maisha yangu yote. Kuwa ndani yao ni jambo jingine. Jua lilizimika likawa la rangi ya chai. Walikuwa laini, hawaumi, hawadungi, ila walikuwa kila mahali: kwenye nyusi, masikioni, ndani ya shati. Na walikuwa na sauti moja nyembamba isiyokatika, mpaka nikadhani inatoka kichwani mwangu. Sikumwona Oloo. Sikuuona mkono wangu. Nililoliona ni umbo la gunia kwenye ubao wa mbele, limefunikwa lote, jeusi, na lilikuwa linatikisika juu juu, kama mtu anayehema usingizini.

Majini pande zote nikasikia mchapomchapo. Omena walikuwa wamepanda kula wale waliokuwa wanaanguka, na chini ya omena kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, kwa maana mashua ilisukumwa kutoka chini mara moja, taratibu. Ndege nao walikuwa wameingia humohumo. Wote walikuwa wanakula. Nilijifunga shati usoni, lakini mtu hawezi kuacha kupumua, na nilipovuta pumzi niliwameza.

Walipopita, Oloo alikuwa ameketi vilevile, mweusi mpaka kope.

"Hao wanatoka wapi?" nikamuuliza, ingawa yule mama wa Homa Bay alikwisha kuniambia.

"Kwa matope. Chini kabisa. Kule kule."

"Oloo, mimi nimewameza."

Alijipangusa uso polepole. "Kila mtu huwameza," alisema, akawasha injini.

MFANGANO

Sam walikuwa wametangulia kisiwani. Wanawake walikuwa ufuoni wanazungusha vikapu vilivyopakwa maji, wanawakusanya wawafinyange na kuwakaanga kama mikate. Walipoona gunia waliweka vikapu chini, wakaanza kulia, wakatufuata mlimani.

Waya alikuwa amekaa mlangoni. Ningempita njiani nisingemjua. Shingo ilikuwa imebaki mishipa, na gauni la kitenge lilikuwa limemwangukia tu. Macho yalikuwa ndiyo yaleyale. Aliniita jina langu lile, tukashikana mikono, nami nikalia bila haya. Tulizungumza Kijaluo, nawaandikia nilivyoelewa.

"Mlete nimwone," alisema.

Nilifungua gunia, ndipo nikajua kwa nini lilikuwa jepesi. Upande uliolala chini kule Sindo ulikuwa na vijia vya udongo mwekundu, na penye mbavu palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Mchwa walikuwa bado wamo ndani, weupe, wanafanya kazi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Safari yote ile nimembebea waya kitu kimoja duniani ambacho hakijaguswa, na kimeguswa nikiwa nimelala pembeni yake.

Waya aliweka mkono kwenye lile shimo. Mchwa wakapanda vidoleni mwake, hakuwakung'uta.

"Hata huyu wameanza," alisema.

"Alilala chini Sindo, waya. Walisema hailali ndani ya nyumba ya watu."

"Walisema kweli. Kwa hiyo hata ningempata, hata ningemlaza kwenye udongo mkavu, na jeneza, na nyimbo."

"Hata hivyo wangemla, waya."

Aligeuza kichwa akatazama nyuma ya nyumba. Kaburi la mume wake liko pale, la zamani, saruji imepasuka, na migomba imelizunguka pande zote, mirefu, imezaa vizuri.

"Baba Owino amelala pale," alisema. "Migomba ile niliipanda mwenyewe, nipate kivuli nikikaa naye. Nimekula ndizi zake miaka yote hii nikamshukuru Mungu. Na tangu mtoto apotee ndizo peke yake nilizokuwa nakula, nikidhani nimekimbia."

Aliuvuta mfuko wangu wa unga, akaufungua, akanusa.

"Na unga wako unanuka omena."

"Nilipangusa kinu, waya."

"Najua ulipangusa," alisema, akanipapasa kichwa kama nilipokuwa mtoto.

Tulimzika Owino alasiri ile, pamoja na shimo lake na mchwa wake, karibu na baba yake. Waya alimwita jina mara moja tu. Udongo ulipojaa, watu wakaanza kutawanyika chini ya vivuli, na mpishi akaja kumuuliza kama atakunywa walau maji ya chemchemi.

"Nileteeni samaki," waya alisema. "Mkubwa. Wa ziwani hapo."

Wanawake walitazamana. Mmoja wao akasema taratibu, "Mama, una hakika?"

"Alitoka humu." Aliweka kiganja tumboni, mahali ambapo gauni lilikuwa limeingia ndani. "Kama yuko huko nje anazungushwa kutoka tumbo hili hadi lile, basi apite na hapa. Apumzike kidogo."

Walimletea mbuta wa kuchemsha, kichwa na mkia, kwenye sinia. Wote wakasogea mbali. Nilibaki mimi peke yangu mkekani. Alikula polepole, akichambua, na kila mfupa aliutoa akaulaza kando ya mwenzake juu ya jani la mgomba, kwa mpangilio, kuanzia shingoni. Hakusema neno. Rangi ilikuwa inamrudia usoni huku nikimtazama, na nilimwogopa, na nilifurahi kwamba hatakufa.

Alipofika kwenye kichwa, akatoa ile nyama tamu ya shavuni ambayo kwetu hupewa mtu unayempenda, akaninyooshea.

"Kula," alisema. "Ni ndugu yako."

Nilikula, nikanyamaza mpaka nikamaliza. Alikuwa mtamu.